Nne Isiyokanyagwa

Mguu wangu wa kulia haujui kusimama. Una miaka 22 ukikanyaga cherehani, asubuhi mpaka jioni, na amri yake ni moja tu: usikatize. Ukikatiza vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, mshono unajikunja chini, unaanza kazi ya kufumua. Kwa hiyo mwalimu wa dansi ya salsa aliposema, siku yangu ya kwanza kabisa, "Kwenye nne hufanyi chochote," masikio yalisikia, mguu haukusikia. Watu 14 walisimama. Mguu mmoja ukaenda.

Naandika haya kwa sababu wateja wanaokuja Ijumaa jioni wakakuta nimeshafunga huniuliza Jumatatu nilikuwa wapi, na nikiwajibu "nilikwenda kucheza" hawaridhiki. Kucheza nini, na nani, kwa umri huo? Nina miaka 43. Nacheza salsa na bachata, na wengi ninaocheza nao sijui wanafanya kazi gani wala wanalala wapi.

Ilianza na sketi. Mteja mmoja, dada mrefu asiyependa kusubiri, aliniletea kitambaa cheusi akataka sketi ya kubana inayoishia chini ya goti. Nikamshonea. Baada ya wiki mbili akairudisha, mpasuo wa nyuma umechanika mpaka karibu na kiuno. Nikatia kitambaa cha ndani, nikapiga mshono mara mbili. Ikarudi tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Dada, hivi ukiivaa hii sketi unaruka ukuta?" Akacheka, akasema, "Njoo uone mwenyewe, fundi."

Nikaenda na tepu mkobani. Nia yangu ilikuwa kujua mguu unakwenda nyuma sentimita ngapi, basi. Nilikaa kitini saa nzima nikitazama mapindo ya watu. Nikaona kwamba nguo iliyokatwa kwa mshazari huchelewa kidogo: mwanamke anazunguka, anasimama, halafu sketi inamalizia yenyewe. Hapo kati, mwili umeshafika na nguo bado iko njiani, palikuwa na kitu kilichonifanya nisogeze kiti mbele. Sikuwa na jina lake. Nikarudi nikamshonea yule dada sketi ya mwavuli bila kumtoza senti, na Ijumaa iliyofuata nikaenda tena, safari hii bila tepu.

Kwa asiyejua, salsa huhesabiwa mpaka nane. Moja, mbili, tatu, halafu hakuna hatua. Tano, sita, saba, halafu hakuna hatua. Hatua sita ndani ya mapigo manane. Mwalimu huhesabu kwa sauti, na kwenye nne na nane hufunga mdomo, ndiyo maana wanafunzi wapya hudhani hapo pana shimo. Mimi nililifukia shimo hilo kwa miezi mitatu. Nilikuwa nafika tano kabla ya kila mtu, nawangoja.

Bachata ilinizidishia tabu. Nayo huhesabiwa nane, ila kwenye nne mguu unagusa sakafu bila kubeba uzito na nyonga inapanda, na kwenye nane vivyo hivyo upande wa pili. Yaani pale pale salsa inapokwambia tulia, bachata inakwambia gusa. Na dijei wetu hupiga salsa tatu, bachata tatu, salsa tatu, usiku kucha. Ukitoka kwenye bachata ya tatu nyonga bado ina deni. Unaingia kwenye salsa unainyanyua mahali ambapo mwenzio ametulia. Niligongana magoti na watu wengi sana mwaka ule. Kaka mmoja aliniuliza kwa upole kama nina kwikwi.

Kilichonitoa hapo ni cherehani yenyewe. Nilianza kuweka salsa nikiwa kazini, kwa kutafuta tu hiyo nne imekaa wapi ndani ya muziki. Nikaacha waimbaji, nikaacha tarumbeta, nikatega sikio kwenye konga. Mpigaji wa konga anatembeza vidole na viganja, sauti kavu kavu ambazo kwenye spika ndogo huzisikii vizuri, halafu anaiachia ngozi wazi: ku-kum. Nikahesabu. Ile ku-kum inaanzia kwenye nne. Nikaweka wimbo mwingine. Nne tena. Na besi, ambayo mimi ningeitegemea ikanyage moja kwa kishindo, kwenye salsa mara nyingi inaikwepa moja, inaangukia nne. Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Kumbe pale miguu yetu inaponyamaza ndipo ngoma inapotoa sauti yake iliyo wazi kuliko zote, na mimi miezi yote ile nilikuwa naikatiza kama mtoto asiyefunzwa adabu.

Tangu siku hiyo sikuhesabu tena. Nangoja ku-kum, naondoka.

Soshali yetu, ndivyo tunavyoiita, ina mpango usiobadilika. Saa ya kwanza ni darasa, wanaoanza upande mmoja na wazoefu upande wa pili. Halafu taa zinapunguzwa, viti vinasogezwa ukutani, na wale wasiopenda darasa ndio wanaingia sasa, wamenukia, mashati yamenyooshwa. Kuomba kucheza ni kunyoosha mkono. Wengine husema "Tucheze?", wengine huinua nyusi tu. Unaweza kukataa, na aliyekataliwa hatakiwi kuuliza sababu. Wimbo ni dakika nne, tano. Ukiisha mnashukuriana, na imetoka hiyo. Mtu uliyekuwa umemshika mkono sasa hivi anakwenda kumshika mwingine, na hakuna anayemwonea mwenzake wivu, au kama wapo wanajificha vizuri.

Kazi yangu imenizoesha kugusa watu nisiowajua. Kila siku nazungusha tepu kwenye vifua na viuno vya wageni, na nilishajua zamani kwamba mwili husema kabla ya mwenyewe. Kuna anayevuta tumbo ndani, kuna anayepandisha mabega ukamkatia koti litakalomning'inia siku akitulia. Kwenye dansi ni vilevile, ila sasa anayepimwa ni mimi. Mkono wa kulia wa anayeongoza hukaa mgongoni mwangu, kwenye mfupa bapa wa bega la kushoto, na kabla ya hatua ya kwanza nimeshajua usiku wangu utakuwaje kwa dakika nne zijazo.

Yupo anayebana kiganja kwa kidole gumba kana kwamba nitatumbukia kisimani. Huyo atanizungusha kwa nguvu na kesho yake nitashindwa kuinua mkasi. Dawa yake ni kulegeza vidole mpaka akose cha kubana. Yupo wa mkono mlegevu kama lastiki iliyokufa, unangoja ishara haiji, unabaki kubahatisha. Na yupo, Mungu amsaidie, anayejaza kila pigo: mzunguko juu ya mzunguko, mikono inafungwa mafundo na kufunguliwa, nne na nane zote zimeliwa. Watu hukusanyika kumtazama. Huwa natoka kwake kama nimepitishwa kwenye oveloki.

Halafu kuna mzee wangu mmoja. Mara ya kwanza aliponinyooshea mkono nilidhani nimepata mapumziko. Anajua miondoko minne, labda mitano. Ananipitisha mbele yake niende upande wa pili, ananizungusha mara moja, ananirudisha. Basi. Lakini kila kimoja kinafika pamoja na muziki, hakitangulii wala hakibaki nyuma. Katikati ya wimbo, nikahisi kiganja chake mgongoni kimekuwa kizito, kama mtu anayelaza kitambaa mezani kabla ya kukata. Kwenye nne bendi nzima ikakatika. Konga, piano, kengele, vyote. Tumesimama, yeye ananitazama na uso wake wa kawaida, mimi nimeshika pumzi. Sketi yangu ikamalizia peke yake. Tarumbeta zikaingia, akaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Nikamuuliza mwishoni, "Mzee, ulijuaje kama itakatika?" Nilitegemea hekima. Akasema, "Nimeusikia huu wimbo mara elfu, fundi."

Ndiyo hivyo nikaanza kuzitafuta nyimbo za zamani, nizisikie mara elfu na mimi. Zile zinazopigwa sana kwenye kumbi zilitoka New York, nyingi kwenye lebo ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco, mpiga filimbi aliyezaliwa Jamhuri ya Dominika, pamoja na mwanasheria Jerry Masucci. Kabla yao mji huo ulikuwa na ukumbi wa Palladium, ambako miaka ya 1950 Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez walikuwa wakipiga muziki wa dansi uitwao mambo. Ndiyo, mambo. Neno ambalo linasemwa kuwa lilivuka bahari na watu wa Kongo mpaka Kuba, na ambalo nikiulizwa njiani najibu poa bila kufikiri. Siku hizi nikijibu poa mguu nao unasogea.

Na salsa yenyewe kwa Kihispania ni mchuzi. Ukionja unaikuta son, muziki wa zamani wa Kuba, unaikuta mambo, unakuta jazi na ngoma za Puerto Rico, na mfupa uliomo ndani ni klave: vijiti viwili vya mbao, mapigo matano yanayorudi na kurudi, matatu halafu mawili au mawili halafu matatu. Wakati mwingine hakuna anayevipiga kabisa na bado kila chombo kinavifuata, kama mstari wa chaki unaofutika nguo ikishashonwa.

Mwaka 1974 wanamuziki wa Fania, Celia Cruz akiwa nao, walipiga Kinshasa kwenye tamasha lililofungamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Nikifikiria jukwaa lile nacheka peke yangu, maana wenyeji hawakuwa wanafundishwa kitu. Santuri za son zilishafika Kongo tangu miaka ya 1930. Wapigaji wa kule walizisikiliza, wakaziiga, wakazihamishia kwenye magitaa, ikazaliwa rumba. Anayejua rumba akisikia piano ya salsa inavyozungusha nota zile zile bila kuchoka ataanza kuzitafuta nyuzi za gitaa. Mimi huzitafuta mpaka leo.

Kuna ubishi usiokwisha kati ya wanaovunja hatua, yaani wanaogeuza mwelekeo, kwenye moja na wanaovunja kwenye mbili. Wa mbili watakutajia Eddie Torres, mwalimu wa dansi wa New York, kwa heshima ya mtu anayemtaja mzazi wake. Mimi nilifundishwa moja. Anayenipa mbili namfuata. Siyo dini. Wacuba nao wana mtindo wao, casino, wa tangu miaka hiyo hiyo ya 1950, na ndani yake kuna rueda: jozi zinasimama duara, mmoja anapaza sauti kutaja mwondoko, wote wanaufanya kwa pamoja na kubadilishana wenzi. Mwondoko wa msingi kabisa unaitwa "dile que no", maana yake mwambie hapana. Umepotea kwenye duara, hujui mkono gani ni wa nani, na mtu anapiga kelele mwambie hapana. Nimecheka kwenye rueda kuliko mahali popote pengine ukubwani.

Bachata niliipenda kwa kuchelewa, na nilipoipenda niliiganda. Kwanza gitaa: linadona, halikwaruzi, kila nota imesimama peke yake. Chini yake kuna guira, silinda ya bati inayosuguliwa kwa kichanio cha chuma, sauti kama ya mkasi unaokata kitambaa kirefu bila kusimama. Wanaofuatilia historia huanzia mwaka 1962, José Manuel Calderón aliporekodi nyimbo zake za kwanza Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, mwaka mmoja tu tangu dikteta Rafael Trujillo auawe. Wenye nafasi zao waliidharau kwa miaka mingi. Waliiita muziki wa amargue, wa uchungu, wakauacha ubaki kwenye vilabu vya pombe na madanguro. Halafu mwaka 1990 Juan Luis Guerra, msomi wa muziki, akatoa albamu iliyobeba neno bachata kwenye jina lake, na sebule zilizokuwa zinaziba masikio zikafungua. Miaka kumi na kitu baadaye Aventura, vijana wa Bronx, wakaisambaza dunia nzima, na mwaka 2019 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nazijua nguo za namna hii. Akiivaa kibarua ni gwanda, akiivaa tajiri ni mtindo, na kitambaa ni kile kile.

Siku hizi kumbi nyingi zinapenda bachata ya sensual, iliyokuzwa Hispania, mawimbi ya kifua, kichwa kinazungushwa polepole, miili imekaribiana. Sijaikataa. Ikichezwa na wawili wanaoaminiana nakaa chini kuitazama. Ila kumwachia mtu shingo yangu, mtu niliyemfahamu sekunde ishirini zilizopita, hapana. Mimi nipe ile ya Kidominika, mwili umetulia, miguu inadonadona ikijibizana na gitaa, nne inaguswa, wakati mwingine inaguswa mara mbili kwa utani.

Yamenipata pia. Usiku mmoja mwanaume alinivuta karibu kuliko nilivyotaka. Nikaweka kiganja begani kwake, nikakaza mkono, nikarudi nyuma hatua moja. Hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. Nikasema, "Asante, inatosha," wimbo ukiwa katikati, nikaondoka. Nilitetemeka mpaka kwenye kiti, kwa hasira zaidi kuliko woga. Yule dada wa sketi aliona, akaenda kumwambia mwandaaji, na mwandaaji akamwita pembeni wakaongea. Aliporudi mwezi uliofuata alicheza na kila mtu kwa umbali wa meza ya kupigia pasi. Sawa tu. Afadhali meza.

Mwingine hakunikosea adabu ila alinifundisha. Wimbo mzima. "Hapana, mguu wa kulia. Hapana, subiri." Darasa liliisha saa mbili nyuma, kaka yangu, sasa hivi tunacheza. Kama nimekosea, tabasamu, turudi kwenye hatua ya msingi, moja itakuja tena. Inakuja kila baada ya sekunde mbili na nusu.

Sasa mavazi, maana hapa nina mamlaka. Soli ya mpira ni adui wa goti: unazunguka, mguu unanata, goti linaendelea na safari lenyewe. Wazoefu huvaa viatu vyenye soli ya swedi, na usipovipata, chukua viatu vyako vya zamani vinavyokushika vizuri kisiginoni, bandika ngozi ya swedi kwa gundi, kata ukingo kwa kisu kikali, na uwe na brashi ya waya ya kuamshia manyoya yakishalala. Nimewabandikia watu tisa mpaka sasa. Pete kubwa vua. Hereni za kuning'inia vua. Moja yangu ilinasa kwenye mkono wa shati la kaka mmoja katikati ya mzunguko, tukasimama kichwa kwa kiwiko kama mbuzi waliofungwa kamba moja mpaka wimbo ukaisha. Sketi, nimeshasema: mwavuli au mshazari, na ndani kaptura fupi. Wanaume, shati la pili mkobani, na la tatu kama wewe ni wa kutoka jasho. Kuna kaka anabadilisha mashati manne kwa usiku mmoja na wanawake wanapanga foleni kucheza naye. Watu hudhani ni kwa sababu ya mizunguko yake.

Kuna jambo moja lilikuwa linanikera, na nililivumilia mwaka mzima kabla sijafanya lolote. Kwetu wanawake ni wengi kuliko wanaume. Salsa inapigwa, nyimbo tamu kabisa, na ukutani wamekaa wanawake saba wameshavaa viatu, wanatikisa magoti kitini. Wengine walikuja mara mbili wakachoka, hatukuwaona tena. Nami nilikuwa mmoja wa hao saba usiku mwingi. Siku moja wakati wa darasa mwalimu aliposema wanaoongoza wasimame kushoto, nikavuka nikasimama kushoto.

Usidhani ni kitu kile kile kigeuzwe tu. Anayefuata anasoma, anayeongoza inabidi aandike, na aandike sasa hivi, huku akiangalia nyuma ya mwenzake wasije kugongana na jozi nyingine. Kila nilichokuwa nacheka kwa wanaume kikanipata. Nilibana vidole gumba. Nilisahau miondoko yote wimbo ulipoanza, nikabaki na hatua ya msingi, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa dakika nzima, natokwa jasho, nikijua sasa kwa nini yule wa kubana alikuwa anabana. Nilikuwa nimemsema sana. Nikamtafuta usiku ule ule nikamwomba tucheze, sikumweleza kwa nini.

Wa kwanza kumwongoza nje ya darasa alikuwa binti wa chuo, mgeni kabisa, mabega yamepanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi najua vitu vitatu tu." Akasema, "Shikamoo, mama, mimi najua kimoja." Tukaingia. Nikampitisha upande wa pili. Nikamzungusha mara moja, akafika akiwa amechelewa, nikamngoja. Wimbo ulikuwa mmoja wa zile za mzee, nilikuwa nimeshausikia, kama si mara elfu basi mara mia tatu nikitia zipu na kukunja mapindo. Nikajua inakuja. Nikalaza kiganja mgongoni kwake kama navyolaza kitambaa. Tatu. Bendi ikakatika.

Yule binti alisimama. Macho yamemtoka, mabega yameshuka yenyewe, mguu mmoja nusu hewani. Akasema, "Ee!" kwa sauti, ukumbi ukiwa kimya, na watu wakageuka. Kisha tarumbeta zikaingia na mimi nikapitwa na moja, nikapitwa na tano, kwa sababu nilikuwa nacheka.

Mzee alikuwa amekaa karibu na spika. Alinyanyua kikombe chake cha maji, hakusema kitu.

Huwa tunamaliza na bachata moja ya polepole, wale tuliobaki, halafu taa zinawashwa na kila mtu anaonekana mchovu na wa kawaida. Tunavua viatu kwenye mstari wa viti. Watu wanaulizana wiki ijayo utakuja. Jina la yule binti bado silijui, nilisahau kumuuliza, ila ameniletea sketi nimtolee mpasuo wa nyuma nimtie marinda, na Jumanne nilikuwa naishona mteja mwingine akiwa amesimama mlangoni anangoja suruali yake. Redio ya simu ilikuwa inapiga. Nikawa natembeza pindo, kanyagio linakwenda, halafu konga ikasema ku-kum na mguu wangu wa kulia ukasimama. Gurudumu likarudi nyuma. Uzi ukakatika.

"Fundi, imeharibika?" akauliza.

"Nzima," nikamwambia, na nikalamba ncha ya uzi nitungie upya.